Viza ya Ujerumani: Masharti yanayomkabili mgeni wa muda mfupi

Mkenya anayekusudia kwenda Ujerumani kumjulia hali mwanawe, kuhudhuria maonyesho ya biashara au kushiriki mbio za marathoni jijini Berlin hana budi kupata viza kabla ya kupanda ndege. Mjerumani anayekuja Diani kuota jua haulizwi viza. Kuanzia Januari 2024 Kenya iliondoa sharti hilo kwa wageni wa mataifa yote na badala yake ikaanzisha kibali cha usafiri kinachoombwa kupitia mtandao. Wapo wanaoiona tofauti hiyo kuwa dhuluma, lakini Kenya imo katika orodha ya mataifa ambayo raia wake wanahitaji viza ili kuingia Ulaya, na maafisa wa ubalozi hawana mamlaka ya kuibadilisha orodha hiyo.

Masharti haya yamezua mkanganyiko tangu Septemba 13, 2024, siku ambayo Rais William Ruto na Chansela wa wakati huo, Olaf Scholz, walishuhudia kutiwa saini kwa mkataba wa uhamiaji na ajira jijini Berlin. Baada ya hapo ilivuma habari kwamba Ujerumani ilikuwa imeahidi kazi 250,000 kwa Wakenya. Serikali ya Ujerumani ilikanusha na kueleza kuwa mkataba huo haukutaja idadi yoyote. Hata hivyo, uvumi huo uliwapa matapeli mtaji. Mtu anayeambiwa na wakala kwamba ataingia kwa viza ya matembezi kisha atafutiwe kazi akiwa huko anauziwa hewa. Viza ya muda mfupi haitoi ruhusa ya kuajiriwa, na kwa kawaida haiwezi kugeuzwa kuwa kibali cha ukaazi mgeni akiwa ndani ya Ujerumani. Anayetaka kufanya kazi, kusoma au kuishi na mwenzi wake huko huomba viza ya kitaifa, ambayo ni njia nyingine kabisa yenye masharti yake.

Sheria ya mataifa 29

Ingawa kibandiko hutolewa na Ubalozi wa Ujerumani, sheria inayofuatwa si ya Ujerumani pekee. Mnamo Juni 14, 1985, Ujerumani Magharibi, Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg zilikutana katika kijiji cha Schengen, nchini Luxembourg, na kukubaliana kuondoa ukaguzi baina ya mipaka yao. Utekelezaji ulianza mwaka wa 1995. Leo mataifa ya Schengen ni 29. Kroatia ilijiunga Januari 2023, nazo Bulgaria na Romania zikaingia kikamilifu Januari 2025. Uswisi, Norway, Iceland na Liechtenstein zimo ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Ireland na Cyprus, ambazo ni wanachama wa Umoja huo, hazimo. Uingereza haikupata kuwemo, kwa hivyo viza ya Ujerumani haimfikishi mtu London.

Kanuni zinazotumika zilianza kutekelezwa Aprili 2010 na zikafanyiwa marekebisho yaliyoanza Februari 2020. Zinamruhusu mgeni kukaa katika eneo zima la Schengen kwa siku zisizozidi 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180.

Kwa kuwa viza ni moja, swali la kwanza ni ubalozi gani wa kuuendea. Ombi huwasilishwa kwa nchi ambayo ndiyo shabaha kuu ya safari, ama kwa sababu ya shughuli yenyewe au kwa wingi wa siku. Siku zikilingana, huangaliwa nchi itakayoingiwa kwanza. Mtu anayekwenda Ujerumani kwa siku kumi na Ufaransa kwa siku tatu anapaswa kuomba kwa Wajerumani, hata kama ndege itatua Paris kwanza. Wapo wanaokimbilia ubalozi wenye foleni fupi ilhali safari yao ni ya kwingine. Hila hiyo hugunduliwa kwa urahisi pindi tiketi na hoteli zinapolinganishwa.

Aidha, ombi huwasilishwa katika nchi anakoishi mwombaji kihalali. Mkenya anayefanya kazi Dubai ataomba huko, si Nairobi.

Wanaobadilisha ndege tu wana masharti tofauti. Mkenya anayepitia Frankfurt kuelekea Marekani bila kutoka katika eneo la abiria wa kimataifa hahitaji viza ya Schengen. Lakini akipangiwa kupitia viwanja viwili vya Schengen, kwa mfano Amsterdam kisha Frankfurt, safari ya kati huhesabiwa kuwa ya ndani na viza inahitajika. Majirani hawana nafuu hiyo: raia wa Somalia, Ethiopia, Eritrea na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamo katika orodha ya wanaotakiwa kuwa na viza hata ya kupitia uwanjani.

Ada na muda

Ombi linaweza kuwasilishwa miezi sita kabla ya safari, na lisichelewe kuliko siku 15. Mabaharia, ambao Mombasa inao wengi, wamepewa miezi tisa. Uamuzi hutarajiwa ndani ya siku 15 baada ya ombi kupokewa, ingawa muda huo unaweza kurefushwa hadi siku 45 pale faili inapohitaji uchunguzi zaidi. Siku hizo haziesabiwi tangu mtu alipoanza kutafuta nafasi ya miadi. Kabla ya likizo za Agosti na Desemba, miadi yenyewe huweza kuwa kikwazo kikubwa kuliko uamuzi.

Tangu Juni 11, 2024 ada imekuwa yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili. Mtoto aliye chini ya miaka sita halipi. Pale nchi inapotumia kampuni kupokea maombi kwa niaba yake, kampuni hiyo hutoza ada ya huduma, ambayo kwa kawaida haipaswi kuzidi nusu ya ada ya viza. Fedha hizi hulipiwa kazi ya kuchunguza ombi. Viza ikinyimwa hazirudishwi.

Anayeomba kwa mara ya kwanza hufika mwenyewe ili achukuliwe alama za vidole na picha. Alama hizo hutumika tena kwa miezi 59. Watoto walio chini ya umri wa miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole.

Stakabadhi

Pasipoti inapaswa kuwa imetolewa katika miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili zisizo na maandishi, na ibaki halali kwa miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya matibabu ya safari lazima igharamie angalau yuro 30,000, ifanye kazi katika nchi zote za Schengen, na ijumuishe gharama ya kumrudisha mgonjwa au maiti nyumbani. Kadi ya bima ya afya ya humu nchini haitoshelezi sharti hili.

Kisha huja ushahidi wa safari yenyewe. Mfanyabiashara huonyesha barua ya mwaliko ya kampuni au ya waandaaji wa maonyesho. Wakulima wa maua wa Naivasha huenda Essen kila Januari katika maonyesho ya mimea ya IPM, wauzaji wa parachichi na mboga huenda Berlin mwezi Februari kwa Fruit Logistica, na watu wa sekta ya utalii hurudi Berlin mwezi Machi kwa ITB. Mtalii huonyesha mahali atakapolala na mpango wa safari. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja huhitaji cheti cha kuzaliwa na idhini ya maandishi ya mzazi wa pili.

Kuhusu fedha, ubalozi huomba taarifa za benki za miezi ya hivi karibuni. Hapa ndipo waombaji wengi hujikwaa kwa kudhani kwamba kinachotafutwa ni kiasi kikubwa. Akaunti iliyokaa kwa miezi na shilingi elfu chache kisha ikapokea nusu milioni wiki moja kabla ya ombi haimsaidii mwenyewe, bali huzua swali la fedha hizo ni za nani. Mshahara wa wastani unaoingia kila mwisho wa mwezi husadikika zaidi. Iwapo mtu ameuza kipande cha shamba au amepokea mkopo wa chama cha ushirika, afadhali aambatanishe mkataba unaoeleza hivyo kuliko kuacha afisa akisie.

Mwenyeji anapotia saini

Mgeni asiye na uwezo wa kujigharamia anaweza kudhaminiwa na mwenyeji wake aliyeko Ujerumani. Hapo ndipo inapoingia hati iitwayo kwa Kijerumani Verpflichtungserklärung, ambayo mwenyeji huitia saini mbele ya ofisi ya masuala ya wageni ya mji anamoishi baada ya kuthibitisha kipato chake. Ada yake ni yuro 29. Hati halisi, si nakala, hutumwa Kenya ili iwasilishwe pamoja na ombi.

Uzito wa saini hiyo haufahamiki vyema miongoni mwa familia za Wakenya. Barua ya kawaida ya mwaliko ni neno la heshima tu, ilhali hati hii ni deni linaloweza kudaiwa. Kwa mujibu wa sheria ya ukaazi ya Ujerumani, aliyetia saini huwajibika kurudisha fedha za umma zitakazotumika kumlisha, kumpa makao na kumtibu mgeni, pamoja na gharama ya kumrudisha kwao akifukuzwa. Wajibu huo hudumu kwa miaka mitano. Haukomi kwa sababu tu mgeni amepata hifadhi ya ukimbizi baada ya kufika. Shangazi anayemwalika mpwawe kwa wiki tatu za Krismasi, kisha kijana akaamua kuomba hifadhi, anaweza kujikuta akidaiwa na serikali muda mrefu baada ya mgeni kuhama nyumbani kwake.

Isitoshe, hati hiyo haiulazimishi ubalozi kutoa viza. Inajibu swali la gharama pekee. Haijibu swali la iwapo mgeni atarudi, na wala haiondoi sharti la bima.

Swali la kurudi

Swali hilo la kurudi ndilo kiini cha ombi lote. Kanuni zinamtaka afisa apime kama kuna hatari ya mwombaji kuhamia Ulaya kinyume cha sheria, na kama ana nia ya kuondoka kabla ya viza kwisha. Nia haionekani kwa macho, kwa hivyo hupimwa kwa mambo yanayomfunga mtu nyumbani: kazi, biashara, mali, masomo, mwenzi na watoto. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mwombaji. Afisa akibaki na shaka yenye msingi, sheria inamwagiza akatae.

Kusema kweli, kipimo hiki kiliundwa kwa kumfikiria mtu mwenye barua ya ajira na hati ya mshahara. Mwalimu au karani wa kaunti huleta barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara, tarehe za likizo na siku ya kurejea kazini. Fundi wa jua kali wa Gikomba au mkulima wa majani chai wa Kericho huenda ana kipato kikubwa kumliko karani huyo, lakini hana karatasi. Kwake yeye, kila kipande cha ushahidi kina thamani: leseni ya biashara ya kaunti, cheti cha usajili, marejesho ya kodi kwa KRA, rekodi za malipo ya kiwanda cha chai, hatimiliki ya shamba. Kijana asiye na mke, asiye na kazi ya kudumu na ambaye hajawahi kusafiri ndiye aliye katika hali ngumu zaidi, hata kama nia yake ni safi kama maji ya kisima.

Lililo muhimu ni stakabadhi zote zisimulie habari moja. Mwajiri akitoa likizo ya siku 14, tiketi ikionyesha siku 40 na mwaliko ukitaja miezi mitatu, faili hujikanusha yenyewe. Stakabadhi ya kughushi ni balaa kubwa zaidi, maana ubalozi hupiga simu benki na kwa mwajiri, na kughushi pekee kunatosha kuwa sababu ya kukataa.

Ombi linapokataliwa

Uamuzi wa kukataa hutolewa kwa maandishi kwenye fomu moja inayotumika katika mataifa yote ya Schengen, ambapo sababu hutiwa alama. Miongoni mwa sababu hizo ni kwamba lengo na mazingira ya ziara hayakuthibitishwa, au kwamba kuna shaka kuhusu nia ya kuondoka kwa wakati. Maneno hayo ni ya jumla na humwacha mwombaji akikuna kichwa.

Kwa miaka mingi Ujerumani ilimruhusu aliyekataliwa kuandikia ubalozi barua ya kupinga bila malipo, na faili ikapitiwa upya. Utaratibu huo ulifutwa katika balozi zake zote kuanzia Julai 1, 2025. Bado mitaani wapo wanaotoza watu fedha ili wawaandikie barua hizo ambazo sasa hazina mahali pa kupokewa. Njia zilizobaki ni mbili. Ya kwanza ni kufungua kesi katika Mahakama ya Utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja baada ya kupokea uamuzi. Kesi huendeshwa kwa Kijerumani na ina gharama, na huenda harusi au maonyesho yaliyokusudiwa yakapita kabla ya hukumu. Njia ya pili ni kuomba upya na kulipa ada upya, wakati wowote. Hakuna muda wa kusubiri uliowekwa na sheria, lakini kurudisha faili ileile bila kujibu sababu iliyotiwa alama ni kutupa fedha.

Kukataliwa huwekwa katika hazina ya pamoja ya taarifa za viza, na maafisa wa nchi nyingine za Schengen hukuona. Hata hivyo, kanuni zinasema wazi kuwa kukataliwa hapo awali hakupaswi kuwa sababu ya moja kwa moja ya kukataliwa tena. Anayeulizwa na aseme ukweli.

Kusoma kibandiko

Viza ikitolewa, mgeni anapaswa kuisoma kabla ya kuondoka ubalozini. Huandikwa tarehe ya kuanza na ya mwisho, idadi ya kuingia na idadi ya siku. Vitu hivi havilingani. Kibandiko chenye tarehe za kuanzia Machi 1 hadi Aprili 14 kinaweza kuruhusu siku 30 pekee, kwani hupewa siku 15 za ziada kwa ajili ya safari inayoahirishwa. Anayehesabu tarehe na kusahau siku huvunja sheria bila kujua. Palipoandikwa 01, mgeni akitoka eneo la Schengen, hata kwa ziara ya siku moja London, hawezi kurudi. Neno MULT huruhusu kuingia mara nyingi.

Wasafiri wa mara kwa mara wana nafuu. Aliyepata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili hustahili ya kuingia mara nyingi kwa mwaka mmoja, kisha ya miaka miwili, kisha ya miaka mitano, mradi pasipoti yake ina muda wa kutosha na hali yake haijabadilika.

Kwa wenye viza hizo ndefu, hesabu ya siku 90 katika 180 ndiyo huleta utata. Hesabu hurudi nyuma siku 180 kutoka kila siku ambayo mgeni yuko Ulaya, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Mathalani, mama aliyekaa kwa bintiye Hamburg tangu Machi 1 hadi Aprili 30 ametumia siku 61. Akirudi Julai 1, amebakiwa na siku 29, na siku yake ya mwisho ni Julai 29. Siku za Machi huanza kutoka katika hesabu mwishoni mwa Agosti tu.

Mpakani na baada ya kuingia

Viza haimhakikishii mtu kuingia. Afisa wa mpakani anaweza kuuliza upya lengo la safari, fedha, makao na tiketi ya kurudi, na akiwa na sababu anaweza kumrudisha mgeni. Nakala za stakabadhi zilizowasilishwa ubalozini ziwe katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku lililo tumboni mwa ndege. Ukaguzi huu hufanyika katika uwanja wa kwanza wa Schengen: anayepitia Amsterdam huulizwa na Waholanzi, na anayepitia Doha au Istanbul huulizwa na polisi wa Ujerumani. Pia, Ujerumani ilirejesha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 16, 2024 na imekuwa ikiurefusha, hivyo anayepanda gari moshi kutoka Uholanzi au Austria asiiache pasipoti hotelini.

Mnamo Oktoba 12, 2025 mataifa ya Schengen yalianza kutumia mfumo wa kielektroniki wa kusajili kuingia na kutoka, uliopangiwa kuenea katika mipaka yote ifikapo Aprili 10, 2026 na kuchukua nafasi ya mihuri. Mfumo huo huhesabu siku wenyewe. Zamani mtu aliyepitiliza siku mbili aliweza kuponea kwa sababu ya muhuri uliofifia. Kompyuta haifififishi kitu.

Mizigo nayo ina masharti yake. Nyama na maziwa kutoka nje ya Ulaya haviruhusiwi, hata kikiwa kipande cha nyama kavu alichofungiwa mgeni na nyanya yake. Ndizi, nanasi, nazi na tende hupita bila cheti, lakini maembe na matunda mengine mengi yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Miraa ni marufuku: kiini chake kimo katika orodha ya dawa za kulevya ya Ujerumani, na aliyezoea kuitafuna hadharani Maua au Nairobi ajue kuwa huko atafunguliwa mashtaka. Fedha taslimu za yuro 10,000 au zaidi lazima zitangazwe kwa forodha.

Akifika hotelini, mgeni wa kigeni bado hutia saini fomu ya usajili, ingawa Wajerumani wenyewe waliondolewa sharti hilo Januari 2025.

Kurefusha viza ni jambo la nadra. Huruhusiwa pale linapotokea lisilozuilika, kama vile kulazwa hospitalini au safari za ndege kusitishwa, au kwa sababu nzito za binafsi, na ombi hupelekwa katika ofisi ya masuala ya wageni kabla ya viza kwisha. Kukaa kinyume cha sheria ni kosa la jinai ambalo adhabu yake ni faini au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, na mgeni anaweza kupigwa marufuku kuingia eneo lote la Schengen. Anayeondoka kwa wakati atunze pasi yake ya kuabiri ndege, maana ikitokea kwamba kutoka kwake hakukusajiliwa, hiyo ndiyo karatasi atakayoionyesha ubalozini atakapoomba tena.